Jamhuri Dhidi ya Saa ya Manusura

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Naomba wasomaji wote walizingatie hilo, hasa wale wanaosoma kwa mshahara. Ina rais, ina bunge, ina redio ya taifa, na ina Wizara ya Habari na Hali Nzuri, lakini haipo. Kama kuna mtu atadai ameiona mahali, atakuwa ameiona kwa macho yake mwenyewe, mimi simo.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Changarawe, aliishi fundi simu aitwaye Sikudhani Mbelwa. Alikuwa msichana mwembamba, mchache wa maneno, aliyeishi na mama yake, Bi Mwatumu, muuza vitumbua. Kibanda chake cha kutengenezea simu kilitazamana na tangi la maji la mtaa, lililoinama upande mmoja. Tangi hilo lilijengwa kwa ajili ya kuzinduliwa, na lilizinduliwa vizuri sana. Maji hayakuwa kwenye ratiba ya siku ile.

Wateja walipopungua, Sikudhani alijifundisha kutengeneza programu za simu, na ya kwanza kukamilika ilikuwa saa. Ilikuwa kitu cha kuchekesha tu: saa ya mtu aliyenusurika baada ya dunia kuisha. Uso wake ulikuwa rimu ya lori iliyoshika kutu. Mshale wa saa ulikuwa kijiko, wa dakika ulikuwa kisu. Nyuma yake ulionekana mji uliobomoka, na anga lenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Chini yake pameandikwa: Mwaka wa kumi na moja baada ya Maangamizi. Maji: hakuna. Umeme: hakuna. Barabara: usijaribu. Na kila saa ilipotimia, sauti nzito yenye vumbi kooni ilisema: "Manusura, ni saa nne. Tafuta maji. Usiamini redio."

Sauti hiyo ilikuwa ya Bi Mwatumu, aliyerekodiwa akiwa na mafua.

Sikudhani aliipa jina Saa ya Manusura, akaigawa bure. Watu waliipenda kuliko alivyotarajia. Wanafunzi waliiweka, makondakta waliiweka, na hata makarani wa wizara waliiweka, wakaipunguza sauti wakiwa kazini. Wazee wa Changarawe waliipenda kwa sababu nyingine kabisa. Walisema ni kitu pekee mjini kinachokwenda kwa wakati.

*

Waziri wa Habari na Hali Nzuri, Mheshimiwa Dakta Kilenzi, alikuwa mtu mnene, mpole, na mwenye imani kubwa na hotuba. Aliamini kwamba barabara ikitajwa vizuri mara tatu, ya nne inaweza kupitika. Siku hiyo alikuwa bungeni akisoma taarifa ya mafanikio.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "napenda kulihakikishia Bunge lako tukufu kwamba leo hii hakuna mwananchi asiye na maji, isipokuwa wale ambao hawajafikiwa."

Wabunge walipiga meza. Katika ukimya uliofuata, simu ilinguruma kwenye mfuko wa Naibu Waziri, aliyekaa nyuma yake.

"Manusura, ni saa tano. Tafuta maji. Usiamini redio."

Upinzani walicheka kwanza, kama ilivyo kazi yao. Kisha upande wa serikali ukacheka, halafu Spika akainamisha kichwa chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka. Dakta Kilenzi alisubiri wamalize, na walipokawia aliketi.

Naibu Waziri aliomba radhi akisema simu ni ya mke wake. Kabla ya jua kuzama wanasheria wa wizara walikuwa wamepata kosa: kutangaza kwa uongo maangamizi ya nchi, tena bila kibali. Kibali kilikuwapo kisheria tangu zamani, ila hakuna aliyewahi kukiomba.

Polisi walikuja Changarawe kwa magari matatu, moja likisukumwa. Walimkuta Sikudhani anabadilisha kioo cha simu, na wakamsubiri amalize, kwa sababu simu ilikuwa ya mmoja wao.

Kituoni mpelelezi alimwuliza, "Kwa nini mwaka wa kumi na moja?"

"Zile tarakimu mbili za moja zilikaa vizuri kwenye uso wa saa, afande."

"Unajua Mheshimiwa Rais ana miaka mingapi madarakani?"

"Sijahesabu."

"Kumi na moja."

Sikudhani alifikiri kidogo. "Basi na kwake zimekaa vizuri," akasema. Mpelelezi aliyaandika maneno hayo kama kiburi, ingawa msichana alikuwa anajaribu kuwa na adabu. Mwanamume mwenye sauti nzito alitafutwa mji mzima. Bi Mwatumu alihojiwa juu yake mara mbili, akawaambia kwa sauti yake nyembamba ya kila siku kwamba hamfahamu.

*

Kesi ilipangwa kwa Jaji Apolonia Nkwera. Wizara ilishtuka kidogo. Jaji Apolonia alikuwa anakaribia kustaafu, nyumba yake ilikwisha kujengwa, na watoto wake walikuwa na kazi zao. Mtu kama huyo ni vigumu kumsaidia.

Upande wa serikali alisimama Wakili Lutego, kijana msomi mwenye koti zuri.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "mshtakiwa ameuambia umma kwamba maji hakuna, umeme hakuna na barabara haijaribiki. Tutathibitisha kwamba huo ni uongo."

"Mheshimiwa Jaji, ni saa ya kuchezea tu," alisema Sikudhani, ambaye hakuwa na wakili.

"Mchoro wake unafanana na Changarawe," alisema Lutego. "Hata tangi lililoinama lipo."

"Umesema utathibitisha," alisema Jaji. "Kwa ushahidi gani?"

"Tuna hotuba ya Waziri."

"Hotuba nimeisikia redioni. Maji siwezi kuyasikia redioni. Nataka kuyaona." Jaji alivua miwani. "Mahakama itahamia Changarawe. Jamhuri itatuonyesha bomba linalotoa maji, taa inayowaka na barabara inayopitika. Mshtakiwa abaki mahabusu."

Lutego alishukuru, akakaa, akaandika kwenye karatasi ndogo akampelekea Waziri: Mheshimiwa, Changarawe tuna bomba?

Hawakuwa nalo. Ndipo Changarawe ikaona mambo ambayo haijapata kuyaona. Mainjinia walifika na mitambo, wakachimba asubuhi hadi jioni. Kwa kuwa bomba kuu la upande ule lilikuwa kavu tangu uzinduzi, waliunganisha bomba la mtaa na lile linalopeleka maji Mlimani, wanakokaa mawaziri, ambalo halikuwahi kukauka hata siku moja. Taa ya barabarani ilisimikwa. Lami ilimwagwa kutoka mahali ambapo gari la Jaji lingesimama hadi kwenye koki mpya, iliyowekwa mbele ya mlango wa Bi Mwatumu, na haikuzidi hapo.

Koki ilifungiwa kibao cha bati kilichoandikwa KIELELEZO CHA KWANZA: MAJI. Taa ilikuwa kielelezo cha pili na lami cha tatu. Askari wenye bunduki waliwekwa kuvilinda, maana mtu akiharibu kielelezo ameharibu kesi. Wasomaji wangu mmewahi kuona maji yakilindwa yasitoke. Hawa waliyalinda yasikatike.

Jaji alikuja kwa njia ya upande wa pili. Alitembea kwenye tope akiwa ameshika viatu mkononi, akaifikia lami kwa nyuma, akavaa viatu. Aliitazama taa, iliyokuwa inawaka saa sita mchana ili ionekane. Kisha alifungua koki, akakinga kiganja, akanywa.

"Ni maji," alisema.

Wakili Lutego alitabasamu na kuomba hukumu.

"Usiharakishe," alisema Jaji. "Jamhuri inasema maji yapo. Haikusema yapo siku ya leo tu. Tutakuja tena baada ya masika, na mara nyingine baada ya kiangazi. Mpaka hukumu itakapotolewa, vielelezo vibaki mahali pake vikifanya kazi. Na maji yanayosimama huoza, kwa hiyo wananchi waruhusiwe kuyachota."

*

Wiki zilizofuata Changarawe walioga. Mashati yalirudia rangi ambazo wenyewe walikuwa wamezisahau, na majirani walianza kutambuana kwa mbali. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Matimbwa, aliongoza ujumbe kwenda mahabusu kumpa pole Sikudhani. Walimletea ndizi na sabuni, kisha kila mmoja akawa anatazama viatu vyake.

"Tumekuja kukuomba kitu, binti yetu," alisema Matimbwa mwishowe. "Kuhusu hii kesi. Tunaomba usiiharakishe."

"Hakuna anayeniuliza kama niharakishe au nisiharakishe, mwenyekiti."

"Tunasikia wanaweza kukuambia uombe radhi. Sasa ukiomba radhi kesi imekwisha. Kesi ikiisha, kielelezo kinarudi stoo."

Sikudhani aliwatazama. Walikuwa wasafi sana. "Kwa hiyo nikae ndani ili ninyi muoge."

"Hatujasema hivyo," alisema Matimbwa. "Tumesema usiharakishe."

Walipoondoka alilia kwa hasira, akala ndizi zote, kisha akalia tena kidogo.

Bi Mwatumu hakuwa kwenye ujumbe ule. Yeye alikuja siku nyingine, peke yake, anachechemea. Sikudhani alimwuliza mguu una nini.

"Niliteleza bondeni na ndoo."

"Bondeni? Mama, si kuna bomba mlangoni kwako?"

"Lipo."

"Sasa unafuata nini bondeni?"

Bi Mwatumu alipanga vitumbua kwenye sahani, akageuza kimoja ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. "Maji yenye mtoto wangu ndani siyanywi," akasema. "Majirani wananiona wa ajabu. Waache wanione. Wewe omba radhi urudi nyumbani, Siku. Bondeni nimepazoea."

Na kweli wiki ileile Dakta Kilenzi mwenyewe alikuja mahabusu, na chupa ya maji mkononi. Ili koki isikauke kabla Jaji hajarudi Changarawe, mainjinia walilazimika kupeleka maji kwa nguvu zaidi, na Mlimani presha ilikuwa imeanza kupungua. Mke wa Waziri alikuwa amebaki na povu la sabuni kichwani mara mbili.

"Binti," alisema kwa upole wake, "maneno machache tu redioni. Sema nchi haikuangamia, ulikosea, unaipenda. Jioni utalala kwenu."

"Na bomba, Mheshimiwa?"

"Bomba ni kielelezo."

Sikudhani aliitazama ile chupa ya maji. Alitaka kurudi nyumbani kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kulala kwenye kitanda chake na kusikia mafuta yakichemka alfajiri. Lakini alikuwa amekwisha kuuona ule mguu, na alijua njia ya bondeni ilivyo wakati wa masika. Kama angerudi, bomba lingeng'olewa, na mama yake angeendelea kuipanda na kuishuka mpaka siku ya kufa. Kama asingerudi, huenda siku moja ukaidi ule ungekwisha, na koki ingekuwa palepale mlangoni.

"Siombi," alisema. "Endeleeni na kesi."

Waziri alikunywa maji yote yaliyobaki kwenye chupa, akaondoka.

*

Habari za Changarawe zilisambaa haraka kuliko redio ilivyopenda. Wananchi wa nchi ile, ambayo haipo, walielewa jambo moja: serikali haijengi kwa kuombwa, inajenga kwa kubishiwa mahakamani. Wakaanza kumiminika kwenye vituo vya polisi kujisalimisha.

"Una kosa gani?" polisi wa kituo kimoja cha wilayani alimwuliza mwalimu aliyefika na begi la nguo tayari.

"Nimesema daraja la kwetu limevunjika."

"Limevunjika?"

"Limevunjika, afande."

"Basi si uongo. Nenda nyumbani."

"Lakini serikali ilitangaza kwamba limejengwa."

Polisi alifikiri. "Ingia," akasema.

Nyuma ya mwalimu walikuwapo wakunga waliotangaza kwamba zahanati haina dawa, na nyuma yao kijiji kizima kilichodai kwa pamoja, kwa kukiuka sheria, kwamba hakina shule. Walikataa dhamana. Wengine waligombania nafasi ya mshtakiwa wa kwanza, kwa kuwa ilisemekana vielelezo vyake hujengwa kwa saruji nzuri zaidi. Majaji wa mikoani walimwiga Jaji Apolonia na kutaka kuonyeshwa. Mainjinia walikosa usingizi. Hazina ilimwandikia Dakta Kilenzi kumweleza kwamba, kwa mwendo huo, nchi ingejengwa yote kabla ya uchaguzi na ahadi zisingebaki.

Baraza la Mawaziri likakutana. Wengi walitaka kesi zifutwe, lakini ilielezwa kwamba zikifutwa, Saa ya Manusura itaendelea kusema hakuna maji, na serikali itaonekana imeogopa. Ndipo Dakta Kilenzi alipopata wazo kubwa kuliko yote maishani mwake. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu," alisema, "kwa nini tunabishana na saa hii? Tuikubali. Maangamizi yalitokea. Yalitokea miaka kumi na moja iliyopita, kimya kimya, na Mheshimiwa Rais akatuvusha bila kututia hofu. Maji hayapo kwa sababu ya Maangamizi. Barabara, Maangamizi. Nani atatulaumu? Sisi ni manusura kama wao."

Mawaziri walitazamana. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Waziri wa Maji.

*

Siku ya kesi, Wakili Lutego alisimama mbele ya mahakama iliyojaa mpaka madirishani. Sikudhani alikuwa kizimbani. Bi Mwatumu alikaa benchi la mbele, mguu ameunyoosha.

"Mheshimiwa Jaji," alisema Lutego, akisoma, "Jamhuri inakiri kwamba nchi iliangamia, kama ilivyoelezwa na mshtakiwa. Alichosema ni kweli. Hatuna tena shauri dhidi yake."

Watu waliguna. Jaji Apolonia hakuguna. Alimtazama wakili kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nchi imeangamia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Jaji."

"Nilipokuja asubuhi sikuliona hilo, lakini Jamhuri ikikiri imekiri. Mshtakiwa yuko huru." Aliandika. "Kuna lingine?"

"Tunaomba turudishiwe vielelezo. Mafundi wako nje na magari."

Kule nyuma Mwenyekiti Matimbwa aliketi ghafla juu ya miguu ya mtu mwingine. Sikudhani, aliyekuwa ameshuka kizimbani, alisimama palepale. Miezi yote ile ilimpita machoni, akajiona mjinga.

"Kielelezo cha kwanza ni kitu gani?" aliuliza Jaji.

"Ni bomba la maji lililopo Changarawe, Mheshimiwa Jaji."

"Saa ya binti huyu inasema nini kuhusu maji?"

Lutego alipekua karatasi. "Inasema hakuna."

"Na Jamhuri imekiri kwamba saa inasema kweli. Kweli yote, au mnachagua?"

Wakili alimgeukia Waziri, aliyekaa nyuma yake. Dakta Kilenzi alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa chochote, na Lutego, kijana aliyependa kupandishwa cheo, aliitafsiri kama ndiyo.

"Yote, Mheshimiwa Jaji."

"Basi Changarawe hakuna bomba," alisema Jaji Apolonia. "Wala taa, wala lami. Mahakama haina uwezo wa kuamuru kitu kisichokuwapo king'olewe. Mtu yeyote atakayeonekana aking'oa bomba pale atakuwa anautangazia umma kwamba lilikuwapo, kinyume na maungamo ya Jamhuri, na hizo ni habari za uongo. Hukumu hii itumike kwa majaji wote wenye kesi za namna hii. Nimemaliza."

Alikusanya vitu vyake akatoka kwa mlango wa nyuma. Baadaye wiki ile alistaafu, na hakuaga mtu.

*

Serikali ilijitahidi kufurahi. Wizara ilibadilishwa jina ikawa ya Maangamizi na Mwendelezo. Sikudhani alitumiwa barua ya kuitwa kupewa nishani, akaijibu kwa heshima kwamba ana simu nyingi za wateja zilizolala kibandani, na hilo lilikuwa kweli. Kijijini kwa yule mwalimu watu walivuka daraja lisilokuwapo na mikokoteni yao. Mlimani walijaribu kufunga maji ya Changarawe, wakagundua kwamba bomba ni lile lile, na kwamba wakilifunga wataoga na wao kwa ndoo. Wakaliacha.

Jambo moja tu lilibaki. Taratibu zilitaka wizara ithibitishiwe kwamba kielelezo cha kwanza kweli hakipo, na Mamlaka ya Maji ikamtuma mkaguzi. Alikuja kwa miguu, mchana wa jua kali, amevaa tai. Alifika kwenye koki akawakuta Bi Mwatumu na bintiye. Bi Mwatumu alikuwa anakinga ndoo, maji yanaruka mpaka kwenye kanga. Sikudhani alikuwa ameshika ya pili, anasubiri zamu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimetoka Mamlaka ya Maji. Natafuta bomba la mtaa huu."

Bi Mwatumu alifunga koki ili amsikie vizuri. "Bomba gani?"

Mkaguzi alitazama koki. Alitazama ndoo iliyojaa, kisha viatu vyake, ambavyo vilikwisha kulowa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "naomba maji ya kunywa."

Sikudhani aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati. Mama yake alikijaza, akanywa yeye kwanza funda moja, akampa mgeni. Mkaguzi alikunywa akamaliza, akaomba kingine, akamaliza, akajifuta mdomo kwa tai.

"Ni kweli," alisema. "Hakuna."

Akawaaga, akaondoka zake.